Kupakua

Kazi yangu yote ilikuwa neno moja: kupakua.
Miaka thelathini na moja, Bandari ya Tanga,
meli imetia nanga mbali, kina cha gatini hakiitoshi,
mzigo unakuja kwa tishari, kidogo kidogo,
nami na daftari nachora vijiti:
vinne wima, cha tano kuvilalia.

Leo neno ni lilelile, gati ni meza ya chakula.
Mwanakombo ametuma ramani ya jiko letu jipya
aliyoichora mwenyewe huko Dodoma.
Faili halifunguki bila programu yake,
na programu ina gigabaiti mbili,
na inakuja kilobaiti sitini kwa sekunde.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya luku:
masaa tisa na ushee, umeme ukitaka.
Haukutaka. Kwenye asilimia kumi na moja
tukarudi sifuri.

Nikaanza na lawama, kama tuanzavyo sote.
Nikalaumu mvua. Nikalaumu mnara wa Chumbageni.
Nikamlaumu Shemdoe wa nyumba ya tatu
kwa kuwa ana televisheni kubwa.
Bi Saumu hakuinua macho kwenye mchele anaochagua:
"Umekizima ukakiwasha?"
Nilikuwa sijakizima.
Nikakizima, nikahesabu hadi thelathini, nikakiwasha.
Sitini.

Nikakitoa kisanduku nyuma ya friji,
nikakipandisha juu ya kabati, mahali pa heshima,
vikombe vya wageni vikahamia sakafuni.
Sitini na moja.
Nikaandika, maana moja ni moja;
niliwahi kuzuia tishari zima
kwa robota moja la mitumba.

Nikachomeka waya.
Nikampigia Shemdoe yuleyule niliyemlaumu.
"Funga madirisha yote," akasema,
sauti ikasikika chumba kizima,
Bi Saumu akainuka akafunga ya sebuleni,
tukakaa na joto la Machi kama maandazi.
Nikaikataza kompyuta kujisasisha kwa siri.
Nikangoja usiku, Barabara ya Kumi na Nne ilale,
hata yule anayesaga vyuma alale.
Sitini.

Hapo karani ndani yangu akaamka.
Mvua haina mizani.
Mzigo unaopungua ovyo ni bahati mbaya;
unaopungua sawasawa, kila siku, kila safari,
una mkono wa mtu.

Nikaingia ndani ya kisanduku, kwenye mipangilio yake.
Neno la siri nililiandika mwenyewe,
likabandikwa chini kwa plasta ya kidonda.
Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho:
Kikomo: sitini. Vifaa vyote.

Nikaukumbuka mwaka.
Mwanakombo anangoja majibu ya chuo,
anakesha akitazama watu wasiojulikana
wakijenga nyumba zao, tofali kwa tofali,
nami mlangoni, kanzu ya kulalia, nasema
bando hili si la baba yako peke yake,
ingawa lilikuwa langu peke yangu.
Nikakaza bomba. Nikalala usingizi mzuri.
Yeye akaenda chuo, bomba likabaki.

Saa nane usiku nikampigia.
"Baba! Kuna nini? Nani anaumwa?"
"Hakuna. Kile kikomo. Nimekiona."
Kimya cha Dodoma, kikavu. Kisha kicheko kidogo.
"Mimi nilikiona siku ya pili.
Neno la siri si liko chini ya kisanduku?"
"Mbona hukukitoa?"
"Ulikiweka wewe, baba."

Nimekitoa sasa.
Inashuka elfu nne na zaidi kwa sekunde.
Bi Saumu anakoroma na madirisha yamefunguliwa.
Nimeshika kalamu kwa mazoea,
kijiti, kijiti, kijiti,
mzigo unaupita mkono.
Naiweka chini.
Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
shehena inapita mbele yangu
na sijui ni ngapi.